Kiti cha Hakimu na Kura ya Mfanyakazi

Mfanyakazi wa Lubumbashi aliyefukuzwa kazi pasipo sababu ya haki haruhusiwi kwenda moja kwa moja mbele ya hakimu. Sheria yamtaka kwanza alifikishe shauri lake kwa inspekta wa kazi, ambaye humwita yeye na mwajiri wake, huwasikiliza, hujaribu kuwapatanisha, na sulhu ikishindikana huandika hati ya kuthibitisha kwamba imeshindikana. Bila ya hati hiyo mahakama ya kazi haimpokei. Muda nao haumngoji, kwani madai yatokanayo na mkataba wa kazi hupotea baada ya miaka 3, na dai la mshahara usiolipwa hupotea baada ya mwaka 1 tu, hata yule aliyestahimili ahadi za mwajiri mwezi baada ya mwezi akitaraji kheri huja akatanabahi kwamba subira yake ndiyo iliyomnyima haki. Akifika mahakamani na akashinda, aweza kurudishwa kazini. Asiporudishwa hulipwa fidia ambayo mahakama huikadiria kwa kutazama aina ya kazi yake, umri wake na miaka aliyotumika, mradi isipite mishahara ya miezi 36. Baina ya fidia ya miezi 2 na fidia ya miezi 36 mna tofauti kubwa katika maisha ya watu wa nyumba moja, na tofauti hiyo yote sheria imeikabidhi kwa busara ya wale waketio nyuma ya meza ya hukumu.

Kwa hiyo si udadisi wa wanachuo peke yao kuuliza ni nani awaketishaye watu hao pale, na ni nani awezaye kuwaondoa. Mwajiri mkubwa hulijua jibu la swali hilo tangu zamani, kwa kuwa ana mawakili wa kumwambia. Mfanyakazi aghalabu hulijua siku ambayo shauri lake limekwisha kuharibika. Nami nimeona kheri kuliendea swali hili kwa njia ndefu, kwa kupitia nchi ambazo hakimu hutiwa katika mizani ya wapiga kura, maana huko limejibiwa hadharani, manufaa yake yameonekana na madhara yake yameonekana, na sisi wa Katanga twaweza kujifunza kwa gharama ya wengine.

Katika majimbo takriban ishirini ya Marekani, baadhi ya mahakimu wa mahakama za juu hawashindanishwi na mtu katika uchaguzi, bali jina la hakimu huandikwa peke yake katika karatasi ya kura, na mpiga kura huulizwa neno moja tu: abaki au asibaki? California iliitangulia njia hiyo mwaka 1934, lakini mpango uliopata sifa kuliko yote ni ule wa Missouri, uliokubaliwa na wapiga kura wa jimbo hilo mwaka 1940, wakati watu walipokuwa wamechoshwa na mabwana wa siasa wa miji yao, na hasa Tom Pendergast wa Kansas City, aliyekuwa akiuza saruji kwa kazi za serikali na kugawa vyeo vya serikali kwa mkono ule ule. Waliotunga mpango huo waliunda tume ya watu saba: jaji mmoja, mawakili watatu waliochaguliwa na mawakili wenzao, na raia watatu wa kawaida walioteuliwa na gavana. Tume hutoa majina matatu, gavana huchagua moja, aliyechaguliwa hutumika mwaka mzima au zaidi, kisha hupelekwa mbele ya wapiga kura wamkubali au wamkatae. Akikubaliwa katika mahakama ya juu kabisa, hukaa miaka 12 kabla ya kuulizwa tena. Makusudio yalikuwa mema, nayo yafahamika: hakimu asiwe mateka wa chama, asiwe na mshindani wa kumkashifu majukwaani, wala asiwe sultani asiyeweza kuguswa. Akipotoka, wananchi wanayo siku yao.

Walakini siku hiyo ni ya kila mwenye fedha za matangazo pia, na mfanyakazi atakaye kujua kura hiyo yamhusuje na atazame yaliyotokea California mwaka 1986. Jaji mkuu wa jimbo wakati huo alikuwa Rose Bird, ambaye kabla ya kuteuliwa mwaka 1977 alikuwa waziri aliyesimamia kilimo katika serikali ya Gavana Jerry Brown, na mkono wake ulikuwamo katika sheria ya 1975 iliyowapa vibarua wa mashamba haki ya kupiga kura ya chama na kujadiliana na wenye mashamba, haki ambayo sheria ya taifa zima ya 1935 ilikuwa imewanyima. Karibu naye alikaa Cruz Reynoso, mtoto wa vibarua wa mashamba, ambaye zamani aliliongoza shirika la msaada wa sheria la vijijini. Mawakili wa shirika hilo ndio waliolishitaki jembe la mpini mfupi, lile lililomlazimu kibarua kuinama kutwa kucha mpaka uti wa mgongo ukaharibika, na mwaka 1975 wakashinda. Wa tatu alikuwa Joseph Grodin, mwanasheria wa mambo ya kazi, aliyekuwa mmoja wa wajumbe wa kwanza wa bodi iliyoundwa kwa sheria ile ile ya vibarua.

Wote watatu waliondolewa kwa kura tarehe 4 Novemba 1986. Bird hakupata hata kura mbili katika tano za kutaka abaki. Je, waliondolewa kwa ajili ya vibarua na majembe? Hasha. Matangazo ya televisheni yalisimulia wauaji na hukumu ya kifo, ambayo mahakama ya Bird ilikuwa ikiitengua mara kwa mara, na jamaa za waliouawa wakaonyeshwa. Lakini miongoni mwa waliochangia fedha za kampeni walikuwamo wenye mashamba makubwa na wenye biashara, ambao hawakuwa na kisa na wauaji bali na fidia, bima na vyama vya wafanyakazi, nao walijua kwamba jaji akitoka, hutoka na hukumu zake zote. Gavana wa wakati huo, George Deukmejian, akajaza viti vitatu vilivyoachwa wazi, na mwezi Desemba 1988 mahakama hiyo mpya, katika shauri la Foley na kampuni ya Interactive Data, ikaamua kwamba mfanyakazi aliyefukuzwa kwa khiyana asidai tena fidia ya machungu wala ya kumwadhibu mwajiri kwa kukosa uaminifu katika mkataba. Atadai hasara ya mkataba, basi. Kwa hivyo kibarua aliyeweka alama ya kumkataa Bird kwa uchungu wa waliouawa alikuwa ameikataa kwa kura fidia yake mwenyewe, ijapokuwa hapana aliyemwambia.

Sitarefusha habari za Illinois, ambako katiba yataka hakimu apate asilimia 60 ili abaki, na ambako Thomas Kilbride, mmoja wa majaji waliofuta mwaka 2010 kikomo cha fidia kwa walioumizwa hospitalini, alinusurika mwaka huo huo kisha akaanguka mwaka 2020, wa kwanza katika mahakama ya juu ya jimbo hilo kuanguka hivyo, ijapokuwa zaidi ya nusu ya wapiga kura walitaka abaki. Mamilioni ya dola yalitumika pande zote mbili. Wala ya Pennsylvania, ambako Novemba 2025 majaji watatu wa mahakama ya juu walibakishwa, na vyama vya wafanyakazi vikawa miongoni mwa waliowaombea kura mlango kwa mlango. Wajapani nao wana kura ya jinsi hiyo tangu mwaka 1949: mpiga kura hutia alama ya mkasi juu ya jina la jaji asiyemtaka, na mwenye kuacha wazi huhesabiwa kuwa ameridhika. Hadi leo hajaondolewa hata mmoja. Ndipo ninapoona kwamba kura hii ina hali mbili tu: ama imelala usingizi na haimdhuru mtu, ama imeamshwa, na aghalabu huamshwa na mwenye mfuko mkubwa.

Tuje kwetu. Katiba ya 18 Februari 2006 yatangaza kwamba hakimu haondoleki, na kwamba hahamishwi ila kwa uteuzi mpya, kwa ombi lake mwenyewe, au kwa zamu yenye sababu iliyoamuliwa na Baraza Kuu la Mahakimu. Rais wa Jamhuri humteua hakimu, na humwondoa, lakini hana budi kungoja pendekezo la Baraza hilo, ambalo huongozwa na mkuu wa Mahakama ya Katiba na wajumbe wake wote ni watu wa kazi hiyo hiyo ya uhakimu. Humo hamna raia wa kawaida, hamna mwakilishi wa wafanyakazi, hamna hata wale watu watatu wa gavana wa Missouri. Kwa maandishi, basi, hakimu wetu ana dhamana ambayo Rose Bird hakuwa nayo.

Maandishi na vitendo, hata hivyo, hayajakutana kila mara. Mwezi Novemba 1998, kabla ya katiba hii, mahakimu 315 walifutwa kwa amri moja ya Rais Laurent-Désiré Kabila; na Julai 2009, katiba ikiwa na umri wa miaka mitatu na zaidi, amri za rais ziliwaachisha 165. Sisemi kwamba miongoni mwao hapakuwa na wala rushwa, maana walikuwapo, na kila aliyewahi kuzunguka katika baraza za mahakama akiwa na bahasha mkononi alifurahi kusikia. Nasema kwamba mamia ya watu wakifutwa kwa karatasi moja hapana apimwaye kwa amali yake, na kwamba aliyebaki kitini hujifunza kutazama juu badala ya kutazama jalada lililo mbele yake.

Wala mji wetu hauhitaji kwenda mbali kutafuta ithibati. Juni 2016 mahakama ya amani ya hapa Lubumbashi ilimhukumu Moïse Katumbi, gavana wa zamani wa Katanga aliyekuwa akijitayarisha kugombea urais, kifungo cha miaka 3 katika shauri la nyumba. Mwezi uliofuata mkuu wa mahakama hiyo, bibi jaji Chantal Ramazani Wazuri, akaandika kwamba alilazimishwa kuitia saini hukumu ile. Julai 2017 jaji Jacques Mbuyi, aliyesema kwamba alishurutishwa amtie Katumbi hatiani naye akakataa, alivamiwa nyumbani kwake katika mji huu huu na watu wenye silaha, akapigwa risasi, na Mungu akamnusuru. Mashauri hayo si ya kazi, na wenyewe ni watu wakubwa. Lakini fundi wa mtambo wa kuyeyusha shaba anayedai mishahara yake ya miezi minne na ayatafakari, kwani hakimu asiyeweza kumlinda gavana wa jana kwa kuogopa roho yake atamlindaje yeye, akiwa upande wa pili amesimama mwenye kampuni ambaye bajeti ya mkoa hutegemea kodi zake?

Wazee wetu hawakuwa na hata mahali pa kuogopea. Mwaka 1941, wafanyakazi wa Union Minière walipogoma kudai nyongeza ya mshahara wakati bei za vita zimekwisha kuula ujira wao na posho haitoshi, hapakuwa na mahakama ya kuwasikiliza wala chama cha kuwasemea, kwa kuwa sheria ya mkoloni ilikuwa haijamruhusu mwafrika kuunda sindika, ruhusa iliyokuja mwaka 1946. Tarehe 9 Desemba walikusanywa katika uwanja wa mpira hapa Élisabethville, askari wakawafyatulia risasi, na makumi wakafa, akiwamo kiongozi wao Léonard Mpoyi. Nalitaja tukio hili, ambalo kila mtoto wa mji huu yapasa alijue, kwa sababu hulifanya jambo ninalotaka kulieleza sasa lionekane kwa ukubwa wake.

Tarehe 16 Oktoba 2002, siku ile ile iliyotiwa saini Sheria ya Kazi tuliyo nayo, ilitiwa saini pia sheria ya kuunda mahakama za kazi; na sheria hiyo ya pili, ambayo wafanyakazi wengi hawajapata kuisikia, yasema kwamba katika mahakama ya kazi hakimu wa serikali hakai peke yake. Huketi pamoja naye maasesa wawili, mmoja kutoka upande wa waajiri, mmoja kutoka upande wa wafanyakazi, ambao vyama vyao ndivyo hupendekeza majina yao kabla serikali haijawateua. Maana yake ni kwamba mtu wa pango la shaba, au mpishi wa hoteli, au karani wa duka, aliyeonja mwenyewe maana ya zamu ya usiku na ya hati ya malipo yenye makato yasiyoeleweka, aweza kuwa mmoja wa watatu watakaoamua kama mwenzake alifukuzwa kwa haki.

Na kiti hicho cha asesa kina njia ya kura, ingawa ni njia yenye kona. Katika makampuni wafanyakazi huchagua madelege wao kwa kura ya siri. Kura hizo zikijumlishwa, ndizo zinazoonyesha ni sindika zipi zenye watu na zipi zenye muhuri na barua peke yake. Na sindika zenye watu, kama vile UNTC, CDT na CSC, ndizo zenye sauti ya kupendekeza. Kwa hivyo mfanyakazi wa Ruashi au wa Kampemba anapotia alama ya delege wake katika karatasi, anagusa, kwa mbali, kiti cha mahakama. Hiyo ndiyo kura ya hakimu tuliyo nayo hapa, nayo nathubutu kusema ni bora kuliko ile ya California, kwa kuwa mpiga kura wake amfahamu ampigiaye, wala haielekei kugeuzwa na matangazo ya wauaji. Delege naye hulindwa: mwajiri hawezi kumfukuza pasipo idhini ya inspekta wa kazi.

Walakini njia hiyo ina mahali ilipozibwa. Wengi wa waingiao migodini leo wameajiriwa na kampuni za kati zinazoleta watu, si na mwenye mgodi, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 na shirika la RAID pamoja na CAJJ, kituo cha msaada wa sheria cha hapa Kongo, katika migodi mitano mikubwa ya kobalti ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya wafanyakazi walikuwa wa namna hiyo. Mtu wa mkataba mfupi ambaye leo yuko kwa kampuni hii na baada ya miezi mitatu yuko kwa nyingine, hata delege hana wakati wa kumjua, seuze kumchagua. Na asiyehesabiwa katika kura hahesabiwi katika sauti ya kupendekeza asesa. Tena wako wale ambao madai yao ni makubwa kuliko kiti chochote: wafanyakazi 10,655 wa Gécamines walioondoka mwaka 2003 katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharimiwa na Benki ya Dunia, ambao wengi wao kwa miaka mingi wamekuwa wakidai katika Lubumbashi, Likasi na Kolwezi kwamba walicholipwa hakilingani na walichokitumikia. Kwa watu kama hao, ambao mdaiwa wao ni kampuni ya serikali na hesabu yao ni ya taifa, hakimu asiyeondoleka ni haja kuliko hakimu apendwaye.

Basi yangu nitayasema wazi. Wako katika mji huu vijana wa sheria wanaotamani tuige Marekani, kila baada ya miaka kadhaa hakimu aulizwe kwa wananchi kama abaki. Mimi sikubaliani nao. Kura hiyo ikiletwa Katanga, ambapo mwenye mgodi mmoja ana fedha kuliko vyama vyote vya wafanyakazi vikijumlishwa, itampa silaha ya pili aliyekwisha kuwa na ya kwanza. Lakini kilicho chema ndani yake, nacho ni kwamba amali ya hakimu itazamwe siku maalumu, mbele ya macho ya watu, na sababu zitajwe, hicho twaweza kukichukua bila ya sanduku. Wakenya walikifanya baada ya katiba yao ya 2010: bodi iliyoongozwa na Sharad Rao, yenye raia wasio wanasheria ndani yake, ikamhoji kila jaji mmoja mmoja, na Aprili 2012 ikawatangaza majaji wanne wa Mahakama ya Rufani kuwa hawafai, ikiandika kwa kila mmoja kwa nini. Watu waligombana na maamuzi hayo, tena kwa haki, lakini waligombana na sababu zilizoandikwa. Hakimu wetu hupimwa kila mwaka na mkubwa wake, na karatasi ya kipimo hicho hulala katika kabati. Baraza Kuu la Mahakimu litangaze sababu za kila anayepandishwa, anayehamishwa na anayefutwa, na liwape nafasi ndani yake watu wasiovaa joho. Sheria ya kulifanya hivyo Bunge laweza kuitunga, na pale katiba itakapozuia, katiba ilikwisha kurekebishwa mwaka 2011 kwa mambo yasiyo na faida kama hii.

Hayo ni ya Bunge na Baraza, na yatachukua miaka. La mfanyakazi halihitaji kungoja. Kampeni za madelege zitakapofika katika kampuni yako, na mgombea akaja kukuahidi viatu vya usalama na usafiri wa asubuhi, muulize pia sindika yake imempendekeza nani kuwa asesa katika mahakama ya kazi, mtu huyo alifanya kazi wapi, na katika mashauri yaliyopita alihudhuria mara ngapi. Asiyeweza kujibu usimpe kura.